Jeshi lililoshinda Dettingen likaugua Hanau: uzi kuhusu vyoo, chawa na askari wa Ulaya, karne ya 16 hadi ya 18

Mwanzisha uzi

Wadau, salaam.

Tukizungumzia vita vya zamani huwa tunahesabu mizinga, farasi na majemedari. Ni nadra mtu kuuliza askari elfu arobaini waliopiga kambi mahali pamoja kwa mwezi mzima walikuwa wakienda haja wapi, maji ya kunywa waliyateka wapi, na nguo walizovaa walizivua lini. Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa, na nimefikia kuamini kwamba katika Ulaya ya karne ya 16 hadi ya 18 majeshi mengi yalivunjwa na kambi zao zenyewe kabla adui hajayafikia. Nitaanza na kisa kimoja kinachojulikana kwa undani, kwa sababu tabibu aliyekuwapo aliandika alichokiona, kisha nitarudi nyuma kadiri maswali yenu yatakavyonipeleka.

Tarehe 27 Juni 1743, karibu na kijiji cha Dettingen kando ya mto Main nchini Ujerumani, jeshi la Waingereza pamoja na washirika wao wa Hanover na Austria liliwashinda Wafaransa. Mfalme George wa Pili aliliongoza yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuna mfalme wa Uingereza aliyeongoza tena askari katika mapigano. Usiku uliofuata ulikuwa wa mvua, na washindi hao waliulala uwanjani bila mahema, wameloa chapachapa. Baada ya hapo wakaelekea Hanau, wakapiga kambi. Hazikupita siku nyingi kuhara damu kukaingia, na katika wiki chache karibu nusu ya jeshi lilikuwa limeugua.

Tabibu ninayemzungumzia ni John Pringle, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1707, ambaye alisomea utabibu Leiden na kufundisha falsafa ya maadili Edinburgh kabla ya kuchukuliwa na jeshi mwaka 1742. Kitabu chake kuhusu maradhi ya jeshi kilitoka mwaka 1752, na ninakiheshimu kwa sababu mwandishi wake alikuwa na tabia ya kulinganisha. Alipoona watu wanaugua, aliuliza ni akina nani hawaugui, na wanatofautiana na wenzao katika nini.

Ili tuelewe alichokuwa akikitazama, tuingie kidogo katika hema la askari wa kawaida wa wakati ule. Ni hema dogo la turubai linalolaza watu watano au sita, wamebanana juu ya mabua ya ngano yaliyotandikwa chini. Mvua ikinyesha mabua yanalowa, jua likitoka yanavunda, na hayabadilishwi mpaka amri itoke na mabua mapya yapatikane. Sasa mmoja wao ashikwe na kuhara damu. Usiku huo ataamka mara kumi, mara kumi na tano, na mtaro wa choo uko mbali, gizani, kwenye tope. Safari mbili za kwanza atafika. Safari ya sita ataishia nyuma ya hema, na ile ya kumi hatatoka kabisa. Kulipokucha, aliyelala ubavuni mwake ndiye aliyekuwa na zamu ya kupika.

Kilichomfungua macho Pringle ni kombania chache ambazo hazikuwapo Dettingen. Askari hao hawakunyeshewa usiku ule, na walipojiunga na jeshi walipiga kambi kando, mbali na safu kuu. Walikula chakula kilekile na kuvuta hewa ya nchi ileile, lakini kwa wiki kadhaa walibaki wazima huku wenzao wakibebwa kwenda hospitali. Halafu jeshi zima lilipoondoka Hanau, likaacha nyuma yake mabua yaliyooza na mitaro iliyojaa, kuhara damu kukapungua kwa kasi. Dawa zilikuwa zilezile na madaktari walewale. Kilichobadilika ni ardhi waliyoilalia.

Kutokana na hayo akashauri mambo ambayo kwetu leo yanaonekana mepesi: vyoo vichimbwe kwa kina, kila siku vimwagiwe tabaka nene la udongo, na askari atakayejisaidia mahali pengine popote ndani ya kambi apewe adhabu ndogo lakini isiyosamehewa. Mabua yabadilishwe mara kwa mara, askari walale pakavu, na kambi ihamishwe kabla haijachafuka kupita kiasi. Hilo la adhabu ndogo isiyosamehewa ndilo linalonivutia zaidi, kwa kuwa linaonyesha mtu aliyewajua askari. Adhabu kubwa afisa angeona huruma kuitoa, na sheria ingekufa yenyewe.

Hata hivyo nadharia yake ilikuwa na kasoro. Pringle aliamini kwamba maradhi hutokana na hewa iliyooza, na chombo chake cha kuipima hewa hiyo kilikuwa pua. Kwa vyoo, pua ilimwelekeza sawasawa, maana kinyesi kinachonuka ndicho hicho chenye vimelea vya kuhara damu. Ukikifukia kwa sababu ya harufu, unakuwa umekifukia na kwa sababu ya vimelea. Lakini jeshi lile lilikuwa na adui wa pili asiyenuka, na hapo pua ilifika nusu ya njia tu.

Wagonjwa wa Hanau walipelekwa katika kijiji cha Feckenheim. Makamanda wa pande mbili, Lord Stair wa Uingereza na Duc de Noailles wa Ufaransa, walikuwa wamekubaliana kwamba hospitali za adui hazitaguswa, jambo la utu mkubwa kwa wakati ule. Lakini ndani ya hospitali hiyo iliyosalimika na mizinga, wagonjwa wa kuhara damu walibanwa pamoja mpaka ikazuka tifasi, ile homa kali yenye madoa mwilini, ambayo isichanganywe na taifodi, yaani homa ya matumbo. Pringle aliandika kwamba kati ya wasaidizi 14 waliowahudumia wagonjwa, 5 walikufa, na waliosalia karibu wote waliugua. Hospitali ilipoteza karibu nusu ya wagonjwa wake. Wanakijiji, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote, waliambukizwa kwanza kuhara damu na baadaye homa, wakakaribia kwisha.

Wagonjwa wengine walisafirishwa kwa mashua hadi Ghent, mji ulioko Ubelgiji ya leo. Ndani ya mashua mlikuwa na mahema chakavu, na wagonjwa wakayatumia kama matandiko. Baadaye mahema hayo alipewa fundi mmoja wa Ghent ayakarabati, naye akaweka vibarua 23 kazini. Vibarua hao hawakuwa na uhusiano mwingine wowote na wagonjwa. Walishona tu turubai. Kati yao 17 walikufa.

Nitasimama hapa kwanza. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, ahsante kwa uzi ulioshiba. Nina swali ambalo limenikaa kichwani tangu niliposoma ule ushauri wa kufukia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, linawaagiza Waisraeli wawe na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia ili afukie kitokacho kwake. Majeshi ya Ulaya yalikuwa na makasisi, na Biblia zilikuwamo kambini. Kwa nini basi jambo lililoandikwa wazi namna hiyo lisubiri tabibu wa mwaka 1752?

Mwanzisha uzi

Ndugu, umegusa penyewe. Maarifa yalikuwapo, na hata makamanda wengi waliyajua. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuyasimamia, na mwenye nguvu ya kuyasimamia.

Jeshi la karne ya 16 halikuwa jeshi kama tunavyolifahamu sisi, lenye ngazi moja ya amri kutoka juu hadi chini. Kwa sehemu kubwa lilikuwa mkusanyiko wa vikosi vya kukodi, kila kimoja na nahodha wake aliyeingia mkataba wa kuleta idadi fulani ya watu. Askari wa kukodi alijiona fundi wa vita. Kushika sepetu na kuchimba choo ilikuwa kazi ya wakulima waliokamatwa njiani. Nahodha naye alikuwa akilipwa kwa kichwa, na katika majeshi mengi mtu akifa jina lake liliachwa kwenye orodha ili mshahara wake uendelee kuingia mfukoni mwa nahodha. Sisi tumezoea habari za wafanyakazi hewa. Hao walikuwa askari hewa. Ukiwa na utaratibu ambamo askari aliyekufa analeta fedha na hali hana haja ya chakula, ni nani atakayehangaika na mitaro?

Juu ya hayo, kambi haikuwa ya askari peke yao. Wake, watoto, vijana wa kubeba mizigo, wachuuzi na wachungaji wa mifugo ya kuchinjwa, wote walifuata nyuma, na mara nyingine idadi yao ilikaribia ya askari wenyewe. Hawa hawakuwa chini ya amri ya mtu yeyote kwa maana ya kweli.

Matokeo yake yanaonekana Naples mwaka 1528. Jeshi la Ufaransa chini ya jemadari Lautrec liliuzingira mji huo, na katika kutaka kuwaua wenyeji kwa kiu likavunja mfereji uliopeleka maji mjini. Maji yakatapakaa kwenye uwanda na kuufanya kinamasi, wakati wa kiangazi, mahali palepale Wafaransa walipokuwa wamepiga kambi. Homa ikawaingia. Lautrec mwenyewe akafa mwezi Agosti, na jeshi lililokuwa na zaidi ya watu elfu ishirini likabaki maelfu machache ambayo mwishowe yalisalimu amri katika mji jirani wa Aversa. Utawala wa Hispania katika Naples uliimarika kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya ushujaa wa mtu yeyote. Kisa cha Metz ni cha namna hiyo kwa upande wa pili: Kaisari Charles wa Tano, mtawala wa Dola Takatifu la Kirumi na wa Hispania, aliuzingira mji huo uliokuwa mikononi mwa Wafaransa mwishoni mwa mwaka 1552, na Januari 1553 akaondoka huku akiacha mahema yaliyojaa wagonjwa.

Katika Vita vya Miaka Thelathini (1618 hadi 1648), vilivyopiganwa hasa Ujerumani, mambo yalizidi. Kiangazi cha 1632 Gustavus Adolphus, mfalme wa Sweden, alijifungia Nürnberg, naye Wallenstein, jemadari wa Kaisari, akajenga kambi kubwa upande wa Zirndorf, akamsubiri kwa njaa. Wiki zikapita. Fikiria mji uliojaa wakimbizi na askari upande mmoja, na upande wa pili kambi ya makumi ya maelfu ya watu pamoja na farasi na mizoga ya farasi, joto la Julai na Agosti, na mto mdogo katikati. Tifasi, kuhara damu na kiseyeye vilizila kambi zote mbili. Mwezi Septemba mfalme alishambulia akashindwa, akaondoka, na siku chache baadaye Wallenstein naye akaichoma kambi yake na kuondoka. Huwezi kusema nani alimshinda mwenzake.

Na jeshi lilipohama, lilihama na maradhi yake. Askari wa Kaisari walioshuka Italia mwaka 1629 kwenda kuizingira Mantua walifuatwa na tauni, na mwaka uliofuata mji wa Milan ulipoteza karibu nusu ya watu wake.

Mchangiaji wa pili

Nawashukuru wote. Ningependa tusiichukue Ulaya kama ndiyo dunia nzima. Ogier Ghiselin de Busbecq, aliyekuwa balozi wa Kaisari kwa Sultani Suleiman, alikaa miezi mitatu karibu na kambi ya Waosmani huko Üsküdar mwaka 1559, na katika barua zake alieleza kwa mshangao kwamba hakuona uchafu wala kusikia harufu mbaya. Alisema Waturuki huufukia uchafu wao au kuupeleka mbali na macho. Mshangao huo unatuambia zaidi kuhusu kambi alizozizoea yeye kwao kuliko kuhusu Waturuki.

Kwa Mwislamu hakuna ajabu hapo. Askari anayepaswa kuswali mara tano anahitaji maji, anahitaji istinja, na anahitaji mahali pasipo na najisi pa kusujudia. Hayo hayakungoja amri ya jemadari wala kitabu cha tabibu. Yalikuwa ndani ya ibada ya kila mtu. Kwa hiyo ninapendekeza kwamba lile pengo la mamlaka ulilolieleza, mkuu, kwa Waosmani lilizibwa na dini.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana kwa Busbecq. Nilikuwa nimemhifadhi na umenitangulia. Nakubaliana nawe kwamba mazoea ya mtu binafsi yana nguvu kuliko amri, maana amri hulala usiku na mazoea hayalali. Waosmani walikuwa pia na idara za serikali zilizoshughulikia chakula na mahema kwa utaratibu ambao Ulaya ilichelewa kuufikia.

Lakini tusiende mbali mno. Miaka sita tu baada ya kambi hiyo ya Üsküdar, Waosmani hao hao waliizingira Malta. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, watawa-askari Wakristo waliokitawala kisiwa hicho, walikuwa wamevichafua visima vya Marsa kwa makusudi kabla adui hajatua, na Marsa ni bonde la chini ambako Waosmani walilazimika kupiga kambi kwa sababu ya maji. Kuhara damu kuliwaandama kiangazi kizima cha 1565. Usafi wa mwili haumsaidii mtu anayekunywa maji yaliyoharibika, na anapozingira ngome hana uhuru wa kuchagua kisima kingine. Kuzingira ndiyo hali mbaya kuliko zote, kwa kuwa inamnyima anayezingira dawa moja ya uhakika aliyokuwa nayo, ambayo ni kuhama.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mtoto wa Mombasa, na nilipofika kwenye maneno kuhusu kuzingirwa nilijikuta nimesimama Ngomeni. Nadhani kisa chetu kinastahili nafasi katika uzi huu, kwa kuwa ni vita vya zama hizohizo.

Waomani walianza kuizingira Ngome ya Yesu tarehe 13 Machi 1696. Ndani mlikuwa na askari Wareno kati ya 50 na 70 pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Mwezi Desemba msaada ukafika kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, na kwa kawaida ya hadithi za vita hapo ndipo tungetarajia ngome iokoke. Badala yake, katika miezi iliyofuata maradhi yaliingia kwenye kikosi, yakawaua Wareno wote. Kufikia katikati ya mwaka 1697 bendera ya Ureno ilikuwa ikilindwa na Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hakuna Mreno hata mmoja aliyekuwa amebaki hai kuilinda.

Meli zaidi zilikuja kuanzia Septemba mwaka huo. Mojawapo ya meli za vita, Santo António de Tanná, ilizama mwezi Oktoba chini ya ngome yenyewe, na vitu vyake vilivyoopolewa na wanaakiolojia miaka ya 1970 viko katika makumbusho ya ngome. Ilipofika tarehe 13 Desemba 1698, Waomani walipopanda ukuta, waliwakuta kapteni, watu 9 na padre mmoja.

Nimeingia ngome ile mara nyingi tangu utotoni. Kuta zake ni nene, za matumbawe, na kiwanja chake cha ndani ukikitembea utakimaliza kwa dakika chache. Kisima kipo, lakini maji yake ni ya chumvi, hayanyweki. Ya kunywa yalikuwa ya mvua yaliyokingwa birikani. Mtu akisimama kando ya birika hilo mchana wa jua kali, akawaza mamia ya watu wamefungiwa humo kwa miezi, hahitaji kuelezwa mengi.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Mombasa, umeupa uzi huu kitu ambacho nisingeweza kuupa. Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni kwamba msaada wenyewe ulikuwa sehemu ya tatizo. Kila meli kutoka Goa ilileta watu wapya waliodhoofishwa na safari ya bahari, ikawaingiza katika nafasi ileile, wanywe birika lilelile na watumie vyoo vilevile. Ukuta uliokuwa ukimzuia Mwomani asiingie ulikuwa ukimzuia pia aliye ndani asiondoke penye uchafu. Na wale wanawake 50 waliosimama ukutani wanastahili kutajwa kila Ngome ya Yesu inapotajwa. Ninasikitika kwamba nimesoma habari nyingi za ngome hiyo ambazo zinawaruka.

Sasa nimalizie upande wa amri, kwa sababu kuna mahali ambapo ushauri wa aina ya Pringle uligeuzwa kuwa sheria ya jeshi. Jeshi la George Washington katika vita vya uhuru wa Marekani lilianza vibaya. Waliokwenda kuizingira Quebec majira ya baridi ya 1775 na 1776 waliangamizwa na ndui, na kamanda wao John Thomas akafa nayo mwezi Juni 1776. Washington mwenyewe alikuwa ameugua ndui ujanani, huko Barbados mwaka 1751, na mapema mwaka 1777 akaamua askari wote ambao hawajaugua wachanjwe kwa usaha wa mgonjwa, njia ya zamani yenye hatari zake, kabla ya chanjo itokanayo na ndui ya ng'ombe kugunduliwa. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, kwani kwa wiki kadhaa sehemu ya jeshi ilikuwa kitandani na adui akijua angewavamia.

Chanjo ya kuhara damu na ya tifasi haikuwapo, hata hivyo, na katika kambi ya Valley Forge, majira ya baridi ya 1777 na 1778, watu wapatao 2,000 walikufa bila vita hata moja kupiganwa pale. Ndipo akafika von Steuben, afisa wa Prussia, ambaye sisi tunamkumbuka kwa gwaride. Kanuni alizoandika kwa ajili ya jeshi hilo mwaka 1779 zinaamuru vyoo vichimbwe mbali na safu za mahema, na kila siku 4 vifukiwe na vipya vichimbwe, na mapema zaidi wakati wa joto. Angalieni kilichotokea: jambo lililokuwa ushauri wa tabibu limekuwa wajibu wa afisa, lina hesabu ya siku, na asipolitimiza anaulizwa. Ninaiona hatua hiyo kuwa kubwa kuliko dawa yoyote ya karne ile.

Mchangiaji wa nne

Mkuu, umesema vyoo vilipatiwa jibu hata kwa nadharia potofu. Nakubali. Lakini hujarudi Ghent. Wale vibarua 23 walishona mahema, hawakulala na wagonjwa, hawakunywa maji yao, wala hawakuingia chooni kwao. Pringle alielezaje vifo vyao, na sisi leo tunavielezaje?

Mwanzisha uzi

Umefanya vema kunirudisha, kwa sababu hapo ndipo penye ugumu wote.

Pringle alieleza kwamba hewa mbovu ya hospitali ilikuwa imenasa ndani ya turubai, kama harufu inavyonasa ndani ya nguo. Kwa mtu asiyejua vijidudu, si maelezo ya kipuuzi. Yalimwezesha kuona jambo kubwa: kwamba homa ya hospitali, homa ya magereza na homa ya kambi ni ugonjwa mmoja, unaozuka popote watu wanapobanwa pamoja bila kubadili nguo. Dawa yake ikawa kufungua madirisha na kuwatawanya wagonjwa, na kuwatawanya kulisaidia kweli, ingawa si kwa sababu aliyoifikiria. Ninampenda pia kwa hili: katika matoleo ya baadaye ya kitabu chake, akiisha kusoma hoja za Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, kwamba maambukizi yanaweza kuwa kazi ya viumbe wadogo mno, aliandika kwamba ni busara kusitisha nadharia zote mpaka suala hilo lichunguzwe zaidi. Alikuwa tayari mtu maarufu, na baadaye akawa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Si wengi wa cheo hicho wanaoandika hivyo.

Mskoti mwenzake James Lind, tabibu wa hospitali ya jeshi la majini ya Haslar tangu mwaka 1758, alikwenda hatua moja mbele. Alitaka mabaharia wanaoletwa na homa wavuliwe nguo, waoshwe, na nguo zao zitiwe katika tanuri la moto. Yeye naye alidhani anaichoma sumu ya hewa. Ndani ya tanuri hilo waliokuwa wakifa ni chawa.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1909, kwa Charles Nicolle, huko Tunis. Aliona kwamba wagonjwa wa tifasi waliambukiza watu mitaani, waliambukiza watu mlangoni mwa hospitali, na waliambukiza wahudumu waliopokea na kufua nguo zao. Lakini wakishaoshwa na kuvalishwa nguo za hospitali, walilala wodini katikati ya wagonjwa wengine bila kumwambukiza mtu. Kwa hiyo kilichokuwa kikiambukiza kilikuwa kimeachwa mlangoni, kwenye nguo. Majaribio yake kwa nyani yakaonyesha ni chawa wa nguo, na mwaka 1928 alipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa rudi kwenye karakana ya Ghent. Chawa wa nguo akikosa mwili wa mtu hufa ndani ya siku chache, kwa hiyo huenda mahema yalipofika kwa fundi yalikuwa na chawa wachache tu walio hai, au hayakuwa nao kabisa. Lakini kimelea cha tifasi hukaa ndani ya kinyesi cha chawa, na kinyesi hicho kikikauka huwa vumbi ambalo linaweza kubaki na uambukizo kwa wiki nyingi. Kazi ya kukarabati hema ni kulikunjua, kulikung'uta, kulitandaza magotini na kulipitisha mikononi mshono baada ya mshono, uso ukiwa karibu na turubai na vidole vimejaa michubuko ya sindano. Kila walipolikung'uta, vumbi liliingia machoni, puani na katika ile michubuko. Turubai lenyewe, baada ya kuanikwa, huenda halikuwa na harufu yoyote.